Makaburi Yasiyo na Wenyewe

"Usisifu ua hujauliza udongo." Mmeisikia leo shangazi yenu alipomjibu yule bwana, mkataka kujua imetoka wapi. Basi sikilizeni. Methali hii haina umri mkubwa, na walioizaa walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwanashee aliolewa mbali na Mtondoni, akakaa huko miaka ishirini na sita bila kurudi. Mara mume, mara watoto, mara uzito tu wa safari. Mumewe alipofariki, alifunga mzigo akaja kulizuru kaburi la mama yake. Kaka yake, Famau, alimpokea vizuri. Kazi yake siku hizo ilikuwa kutembeza wageni kwenye makaburi ya kale ya mji.

"Kaka, nipeleke kwa mama," Mwanashee alisema walipomaliza chai.

"Tutafika. Kwanza nikuonyeshe makaburi ya masultani."

Akamzungusha kati ya nguzo ndefu za mawe, zilizopachikwa sahani za kaure. Akamweleza nani kalala wapi, na ni mwana wa nani. Mwanashee alisikiliza kwa adabu. Adhuhuri ilipopita aliuliza tena. Famau akasema jua kali, wapumzike kwanza bustanini.

Bustani ile ilikuwa mpya: nyasi zimekatwa sawasawa, vijia vimemwagwa kokoto, asumini na mawaridi yamepandwa kwa mistari. Mwanashee alivua viatu, akakaa kwenye nyasi. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe, alihisi kifua kimelegea.

"Mawaridi haya yamestawi," alimwambia mzee aliyekuwa akiyapogoa. "Mnayapa nini?"

"Maji tu, mama. Udongo wenyewe umeshiba. Hapa palikuwa na makaburi."

"Ya nani?"

"Ya watu wa mtaa. Yale ya nguzo yalihifadhiwa. Haya hayakuwa na majina, ikasemwa hayana wenyewe."

"Nani alisema?"

Mzee alimtazama Famau, kisha akainamia mkasi wake.

Mwanashee hakupaza sauti. "Kaka, mama yuko wapi?"

"Wakubwa wa mji walitaka mtu wa ukoo atie saini kwamba hayana wenyewe," Famau alisema. "Wakaniahidi kazi hii. Ningekataa, wangemtafuta mwingine."

"Nimekuuliza mama yuko wapi."

"Sijui, Shee. Tingatinga lilisawazisha pote kwa siku moja. Na wewe ulikuwa wapi? Miaka yote ile nilipalilia peke yangu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma zaidi. Alisimama, akaogopa hata kukanyaga. Kwa kuwa hakujua aelekee upande gani, aliisomea Fatiha bustani nzima.

Langoni walikutana na wanawake waliokuja kutembea, wakampongeza Famau kwa uzuri wa mahali pale.

"Msisifu ua hamjauliza udongo," Mwanashee aliwaambia, akashika njia ya stendi. Hakurudi tena Mtondoni, hata kumzika kaka yake.

Famau alitembeza wageni mpaka uzeeni. Majina ya masultani wote aliyajua kwa ghibu. Naye kila alipopita mtaani akiisifia bustani ile, watu walimjibu kwa maneno ya dada yake: usisifu ua hujauliza udongo.