Bi Kaa na Bawabu wa Mlango wa Mto

Paukwa!
— Pakawa!
Maji yakaja?
— Yakaenda.
Nani aliyaona?
— Wewe, tusimulie.

Basi sogeeni. Na wewe Saumu acha kupiga miayo, hata sijaanza.

Palikuwa na mto mpole, unatembea polepole kama mtu aliyeshiba. Ukikaribia bahari ulipanuka katikati ya mikoko, ukawa si mto tena wala si bahari. Mahali hapo wapo wanaopaita mdomo wa mto. Sisi huku twasema mlango wa mto, maana maji hutokea hapo na maji huingilia hapo. Lakini mlango wenyewe uko wapi hasa? Waanzia mti gani, waishia jiwe gani? Hilo ndilo lililomtoa Mamba jasho.

Wanyama walimweka Mamba awe bawabu, azuie papa wasiingie mtoni. Ujira wake ni huu: atakayepita mlangoni, Mamba amle. Asiyepita, asimguse. Mamba akaapa mbele ya wote. Papa hakumzuia hata mmoja. Lakini kula, alikula. Akala kamba, akala mikunga, akala kaa, kisha akalala, kroo, kroo.

Juu kidogo, mikokoni, aliishi Bi Kaa. Siku hiyo tumbo lake lilikuwa limejaa mayai, na mayai ya kaa yasipofika baharini hufa. Tena hufika kwa maji ya bamvua tu, yale makubwa ya mwezi mpevu. Bamvua lililopita dada yake alijaribu kupita. Lilirudi gando lake tu, linaelea. Bi Kaa alilia, akanyamaza, akakaa kwenye tundu lake akiyatazama maji yakipanda. Shwaa, shwaa. Yakafika miguuni pake. Akayaonja. Chumvi.

Akafikiri kidogo. Kisha huyo, kacha kacha, kacha kacha, mpaka kwa Mamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wapita?"

"Sipiti, babu. Naulizia tu. Hapa ndipo mlangoni?"

"Ndipo hapa. Huoni nimekaa?"

"Nakuona. Lakini mlango wa mto si pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi?"

"Ndipo."

"Basi onja, babu."

Mamba akaonja, lamba. Chumvi. Akageukia juu mtoni, lamba. Chumvi.

"Ala," akasema. "Mlango umekwenda wapi?"

"Umepanda huko juu. Wanyama wakisikia bawabu kauacha, watamweka mwingine."

Mamba akaona kitumbua chake kinaingia mchanga. Akajitupa majini, chubwi, na Bi Kaa akamdandia mgongoni. Wakaenda, wakaenda. Jua limelala juu ya maji, mikoko inapita taratibu huku na huku, kimya, mpaka Bi Kaa akakaribia kusahau alichokuja kufanya.

Wakafika kwenye kona. "Hapa je?"

"Onja, babu."

Lamba. Chumvi.

Wakafika kivukoni. "Hapa je?"

"Onja, babu."

Lamba. Chumvi bado.

Walipopita mikoko ya akina Bi Kaa, yeye akateremka polepole, akashika mzizi. "Endelea, babu. Hapo mbele tu."

Mamba akaenda mpaka kwenye matete, na huko maji yakasimama. Hayaji, hayaendi. Akaonja chini, chumvi. Akaonja juu, tamu.

"Nimeupata!" akanguruma. Akajinyoosha toka ukingo hadi ukingo. "Sasa wewe Kaa, na wenzako wote wenye mayai, njooni mpite niwaone."

"Tupite wapi, babu?" Bi Kaa akaitikia kutoka mbali. "Mlango uko huko kwako. Sisi tuko huku, tumeshakuwa nje."

"Mmepita saa ngapi?"

"Hatukupita. Sisi tumekaa kwetu, mlango ndio uliotupita."

Mamba akabaki pale pale alipojinyoosha. Kiapo ni kiapo, na wanyama wote walikuwa wamevutwa ukingoni na ngurumo yake, wanasikiliza.

Maji yakageuka. Bi Kaa akasimama juu ya mzizi wake, akatetemeka mwili mzima, na mayai yakamtoka, vumbi jeusi ndani ya maji. Mikokoni kote kaa wakatetemeka naye. Maji yakayachukua, shwaa, shwaa, yakapita kona, yakapita pale bawabu alipokuwa akikaa, yakaingia baharini. Bi Kaa akamtaja dada yake kwa jina, mara moja, kisha akarudi tunduni.

Na Mamba? Alipoonja tena, chumvi imeondoka. Akashuka kuufuata mlango. Ukapanda, akapanda. Mpaka leo mkimkuta amelala ukingoni, mdomo wake u wazi. Anaonja.

Fundisho lake, wanangu: msiwadanganye wakubwa. Bi Kaa hakusema uongo hata mmoja, na mmeona alivyobarikiwa.

"Lakini shangazi, si alimfanyia ujanja?"

Saumu, wewe si ulikuwa umelala? Haya, itikieni.

Maji yakaja?
— Yakaenda.
Yamekwenda na hadithi yangu. Anayeitaka aifuate, na asisahau kuonja.