Kitanda cha Wakfu na Ushahidi wa Lali Mchonga Milango

Enyi mabwana mlioketi barazani, na enyi mabibi mnaosikiliza nyuma ya pazia, amani iwashukie na baraka ziwafunike. Nipeni masikio yenu kitambo, nami nitawapa habari ya ajabu, na atakayeona pahala nilipoteleza anisahihishe kwa upole, kwani ulimi wangu bado mchanga na hekaya yenyewe ni kongwe.

Alikuwapo Sultani Badawi bin Nasri, mtawala wa mji wa Marijani, mji wa mawe meupe na milango ya nakshi, na mama yake, Bibi Azize, alikuwa mcha Mungu mwenye huruma kwa mayatima. Bibi huyo akajenga duka sokoni na akaliweka wakfu, na amri ikatoka kwamba kila nyumba inayofiwa au inayohama itoe chombo kimoja, kitanda au kasha au kioo au birika, kiuzwe pale, na thamani yake iwe chakula cha mayatima. Na sharti la duka lile halikuwa na mfano duniani: muuzaji hatamki bei. Mnunuzi ndiye asimamaye mbele ya chombo, akashuhudia kwa sauti aibu zake na sifa zake, watu wakisikia, kisha akataja atakachotoa, na mwingine akitaka kumzidi ana ruhusa. Bibi Azize alidhani watu wakipewa amana wataona haya kuikhini. Kumbe watu wa Marijani waliigeuza amana ile kuwa sanaa ya kutweza, na anayejua kutweza zaidi ndiye aliyerudi nyumbani na mzigo mkubwa na kucheka njia nzima.

Katika mji huo palikuwa na kijana mchonga milango, jina lake Lali bin Shegwe, fundi wa mkono na maskini wa mfuko, na neno lake juu ya mbao lilikuwa hukumu isiyokatiwa rufaa. Lali alimposa Mwanatumu binti Aboudi, na baba wa binti, Bwana Aboudi, muuza ubani, alikubali kwa sharti moja: siku ya harusi, Ijumaa, ndani ya nyumba ya Lali pawe na kitanda cha heshima. Na Lali alikuwa na riale mbili tu.

Jumatatu akaenda duka la wakfu, akamkuta msimamizi wake, Bi Kauthari, anapangusa masinia.

"Karibu mwanangu," akasema Bi Kauthari, "tazama upendavyo, macho hayatozwi."

Lali akapita baina ya makasha yaliyong'oka bawaba na vioo vilivyoingia ukungu, na nyuma ya rundo la mikeka akaona kitanda kimejaa vumbi. Akapitisha kidole, na moyo ukamruka, kwani chini ya vumbi palikuwa na msaji mtupu, na nakshi ya maua na mizabibu iliyochongwa na mkono ambao yeye, kwa maisha yake yote, angeomba kuubusu.

"Lali!" akaita mchuuzi mmoja. "Mbona umekikodolea kama uliyeona mchumba?"

Watu wakacheka, na Lali akaogopa wasije wakakitamani, basi akakunja uso na akanena kwa sauti. "Mchumba gani huyu? Mguu wa nne umeliwa na mchwa. Nakshi ni ya mwanagenzi aliyelala na patasi mkononi. Na atakayelala hapa hapati raha hata kwa dawa. Natoa riale mbili, mama, na nakuonea huruma kwa nafasi kinayokulia."

Nani atampinga Lali juu ya mbao? Waliokwisha kukisogelea wakarudi nyuma. Bi Kauthari akasema, "Ushahidi ni wako, mwanangu. Chukua."

Jumatano alasiri Bwana Aboudi akaja kukagua, na Lali akamkaribisha kwa furaha, na mzee akaketi kitandani kwa madaha, na papo hapo mguu wa nne ukakatika kama muwa, na Bwana Aboudi akajikuta chini, kofia huku na fimbo kule. Lali akamwinua, na alipokitazama kitanda akaona maua yamepinda na mizabibu imekuwa mikwaruzo, na mbao imejaa unga wa mchwa.

"Hiki ndicho cha kumlaza binti yangu?" akafoka Bwana Aboudi, akijikuna mapaja yasiyotulia. "Kuku wangu wana malazi bora! Nikija Ijumaa nikakuta hivi, hakuna ndoa." Na akatoka.

Lali akapiga magoti, na kutoka katika mbao pakapanda moshi wenye harufu ya udi, na moshi ukawa jini mrefu hata akainama chini ya boriti, uso wake umejaa huzuni.

"Mimi ni Dahmani," akasema. "Nilifungwa katika mti huu tangu enzi ya Nabii Suleimani, na kifungo changu ni hiki: niwe kama anavyonishuhudia anayeninunua. Nimeshuhudiwa vizuri miaka mia. Wewe ulijua, ewe fundi. Wajinga hunikosea kwa kutoona. Wewe uliona."

Lali akalia, akasema, "Ewe Dahmani, basi nashuhudia sasa kwamba u mzuri."

"Hapa hakuna anayesikia ila mimi na dari. Ushahidi hufutwa pale ulipotolewa, mbele ya waliousikia. Nirudishe dukani, useme kweli. Lakini jua kwamba nikirudi mimi ni mali ya wakfu, na ukisema kweli, riale mbili hazitanirudisha kwako."

Lali akakaa na maneno hayo mpaka kivuli cha mlango kikavuka chumba chote. Alijua kwamba akinyamaza atakosa mke, na akisema vilevile atakosa. Basi akaona heri akose akiwa na uso.

Alhamisi asubuhi wachukuzi wakakirudisha kitanda, na soko likajaa, na Bwana Aboudi naye akaja kuona fedheha. Lali akasimama pale pale aliposimama Jumatatu, akanena:

Niliyanena kwa hila, kitanda nikakitweza,
Mguu mchwa hajala, msaji usiooza,
Kazi ya fundi jamala, mkono ulotimiza,
Niliwapunja chakula, yatima nikawapuza.

Na kila neno lilipotoka, kitanda kikajirudi: mguu ukaungana, maua yakanyooka, mizabibu ikajaa zabibu, na watu wakapiga takbiri. Wakili wa Bibi Azize akatoa mfuko wa dhahabu, na kitanda kikaenda jumbani, na mayatima wakala nyama mwezi mzima. Na kabla hakijatoka mlangoni, Lali akasikia sikioni, "Umekivunja kifungo changu, ewe fundi, kwani umenishuhudia kweli pasipo kuninunua, nami nimekuwa huru. Zawadi yangu ni hii: ulimi wako hautaweza tena kusema kinyume cha jicho lako. Zawadi nzito, ichukue polepole."

Bi Kauthari akamrudishia riale zake mbili. Lali akatazama dukani, akaona kigoda, akasema, "Hiki ni cha mkorosho. Mguu mmoja mfupi, ila kiti chake kimelainishwa na makalio ya watu wema. Natoa hizi mbili."

"Mwanangu!" akacheka Bi Kauthari. "Hicho hata moja hakifiki."

"Kwangu kinafika, mama."

Bwana Aboudi akarudi nyumbani akasema ndoa imekufa, na Mwanatumu akamjibu kutoka jikoni, "Baba, ulianguka kwa uongo wake, na sasa wamkataa kwa ukweli wake. Basi wataka nini?" Na Bwana Aboudi akatwaa kofia yake na fimbo yake, akaenda kumwambia Lali kwamba Ijumaa ni ile ile.

Ijumaa wakaozwa, na chumbani palikuwa na mkeka na kigoda. Na Bibi Azize aliposikia akamfanya Lali mkadiriaji wa wakfu, na mali ikamjia kwa milango aliyochonga, kwani nani hamtaki fundi asiyeweza kudanganya? Kitanda alikuja kukichonga mwenyewe, baada ya miaka mitatu.

Enyi wasikilizaji, chombo cha mkono wa pili kimekwisha kutwezwa na wakati, msikiongezee. Mwenye kununua rahisi na anunue kwa shukrani, na bei ndogo isimfanye akitukane kilicho kikubwa.

Nami hekaya hii nilisimuliwa kwanza na Bi Salimina binti Heri, muuza vyombo vikuukuu, naye alikuwa ameketi juu ya kigoda cha mkorosho, akiyumba kidogo kila alipocheka, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.