Nyota Iliyochelewa Harusini

Hapo zamani, huko milimani Kighambo, usiku wa ishirini na nane wa mwezi, saa tatu kamili wala si saa nne kama wanavyodai watu wa bondeni, Namcharo alisimama mlangoni kwa baba yake akingoja nyota ifumbe jicho.

Nyota hiyo iliitwa Kope. Kila baada ya siku tatu kasoro saa chache hufifia, kisha hung'aa tena. Na bibi harusi wa Kighambo havuki kizingiti mpaka Kope ifumbe. Saa ilitajwa na Bibi Nakijwa, kwa hesabu aliyoachiwa na nyanya zake. Saa ikafika. Kope ikazidi kukodoa jicho.

"Nyota imeikataa ndoa," akasema baba wa bwana harusi. "Fungueni mbuzi wetu wa mahari, twende."

"Haikukataa, imechelewa," akasema Kalutu, mlinzi wa mashamba. "Huchelewa zaidi mwaka hadi mwaka. Hata mwanga wake si ule wa utoto wangu. Nimesema mara ngapi?"

"Nyota haichelewi, mjomba," akasema kijana mmoja. "Ulisinzia wewe."

Wakacheka, na mbuzi wakafunguliwa.

Ndipo Mbonea, kiongozi wa ngoma, akawasimamisha wasichana wawili, mnene na mwembamba, wazunguke wakiwa wameshikana mikono.

"Kope ni nyota mbili, kama hawa. Mmoja akimpita mwenzake kwa mbele, mwanga hupungua. Basi mwembamba anamlisha mnene, na kadiri anavyokonda ndivyo wanavyoachana."

Akawapa kanga washike ncha zake. Mzunguko ukawa mrefu zaidi, nao wakachelewa kupitana. Watu wakaketi kutazama, maana mnene alikuwa ametoka kumaliza sinia la makande. Wakiwa bado wanacheka, Kope ikafumba. Namcharo akavuka.

Mwaka uliofuata akajifungua binti. Kwa desturi, aliyeiokoa ndoa ndiye humpa jina mzaliwa wa kwanza, na asiye na jina haonyeshwi kwa ukoo. Wakaja watatu.

"Bila hesabu yangu," akasema Bibi Nakijwa, "nani angejua usiku wa kutazama?"

"Hesabu hiyo, Bibi, ndiyo iliyotaka kuivunja ndoa," akasema Kalutu. "Aliyeuona ukweli ni mimi."

"Uliuona, mjomba, na mbuzi wakafunguliwa," akasema Mbonea. "Nilipoueleza mimi, watu waliketi."

"Waliketi kumtazama yule mnene," akasema Bibi.

Wapo wanaosimulia kwamba mtoto alipewa majina matatu. Si kweli. Wengine husema Namcharo alichagua mwenyewe. Hilo nalo si kweli. Alisimama mlangoni akingoja, kama mara ya kwanza. Mtoto alianza kutembea mabishano yakiendelea, akiitwa Wewe, naye akiitika.

Haya, mlioketi hapa: kati ya hao watatu, ni nani ampe jina?