Bunju Aliyemlaza Kambare Siku Saba

Paukwa.

— Pakawa, maji yametulia.

Kaondokea bunju.

— Kapewa nyumba ya kioo, kakaa.

Tumwite?

— Tumsikilize tu, asije akavimba.

Basi hapo kale, wala si kale sana, mjini Ifakara palikuwa na mama mmoja mstaafu, Bi. Sihaba, aliyefuga samaki sebuleni. Tangi lake lilikuwa la kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani mlikuwa na mchanga, majani ya maji, na kibomba cha hewa kilichoimba mchana kutwa: bwi, bwi, bwi. Jua la alasiri likipenya pazia la kijani, sebule nzima huwa kijani, na mtu akiketi mbele ya tangi lile husahau alichokuja kukifanya.

Humo walikaa samaki wawili. Wa kwanza Kambare, mwenye ndevu nane na mdomo mpana. Aliletwa akiwa mdogo kama kidole, akala akawa kama mkono wa mtu mzima. Zamani kulikuwa na wengine, perege watatu na dagaa kumi, lakini walipotea mmoja mmoja, na kila mmoja alipopotea Kambare alionekana amelala usingizi mzito.

Wa pili Bunju. Mdogo, mviringo, mistari ya njano ubavuni, na macho yanayozunguka kila moja kivyake. Kambare alijaribu kummeza siku ya kwanza. Bunju akanywa maji, puu, akawa kama chungwa, akamkwama mdomoni. Kambare akamtema.

"Leo umevimba," alimwambia. "Siku utakayodhoofu usiweze kuvimba, nitakumeza, Kitumbo."

"Nimesikia, mjomba," Bunju akajibu.

Bi. Sihaba hakujua amenunua bunju wa aina gani. Muuzaji alimpa ndani ya mfuko wa plastiki akamwambia ni samaki puto, basi. Bi. Sihaba alijua bunju ni wa bahari, kwa hiyo siku moja akashika pakiti ya chumvi, akafunua tangi. Bahati nzuri jirani yake alikuwa ameingia kunywa chai. Huyo ni Mwalimu Libenanga, aliyefundisha elimu ya viumbe miaka thelathini.

"Ngoja kwanza, dada," Mwalimu akasema. "Bunju wako wengi. Wapo wa bahari, wapo wa pale mto unapokutana na bahari, na wapo wa maji matamu. Huyu wako yupi?"

"Nitajuaje mimi? Si wote wana matumbo?"

Mwalimu akavaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo. Bunju akaona jicho kubwa kama mwezi. Mwalimu akalinganisha mistari na picha za kitabu chake, akageuza ukurasa, akaguna.

"Mistari hii ya njano ni ya bunju wa mito. Maji matamu. Chumvi irudishe jikoni. Sasa mtazame mdomo."

Bi. Sihaba akatazama.

"Meno ya bunju hayaachi kuota," Mwalimu akasema. "Asipopata kitu kigumu cha kuyasaga, yatamziba mdomo, atakufa na njaa chakula kikiwa mbele yake. Mpe konokono."

Bi. Sihaba alikuwa mtu wa kushika neno. Kesho yake akaenda kwenye mifereji ya mpunga, akarudi na kopo la konokono. Alasiri akawadondosha: tubwi, tubwi, tubwi. Akaenda jikoni kuepua maharage. Kambare akafungua mdomo: fyoo, fyoo, fyoo. Bi. Sihaba akarudi, akaona konokono hawapo, akafurahi. "Bunju wangu anakula," akasema.

Ikawa hivyo kila siku. Tubwi, tubwi, tubwi. Fyoo, fyoo, fyoo. Na kila siku meno ya Bunju yaliota, mpaka mdomoni pakabaki mwanya wa punje ya mtama. Akakonda. Siku moja alijaribu kuvimba, akafika nusu, pumzi ikamwishia.

Kambare akaona. Ndevu zake zikacheza.

Bunju akajificha kwenye majani, akawaza, akasinzia. Maji ya kijani yakamyumbisha kama mtoto mgongoni. Jicho lake moja likabaki linatazama huku, la pili likaelekea juu, kule nuru inakovunjika vipande vipande.

Kambare akasogea. "Unatazama nini wewe?"

"Jicho la kulia linakutazama wewe, mjomba," Bunju akasema taratibu. "La kushoto linaota."

"Linaota nini?"

"Bwawa. Halina kioo. Lina tope laini linalofika mbavuni, la vuguvugu. Mvua inanyesha, na nyungunyungu wanaporomoka wenyewe kutoka ukingoni."

Kambare akatua mchangani. Tope hakuwa ameliona tangu awe mdogo kama kidole. Ngozi yake ikasisimka kuanzia mkiani.

"Watu wanafikaje huko?"

"Bi. Sihaba huwapeleka. Humchagua samaki aliyelala siku saba bila kula, maana huyo ndoto yake imeiva."

"Mimi hulala sana."

"Unalala na kula, mjomba. Ndiyo maana bado uko hapa."

Alasiri ikafika. Tubwi, tubwi, tubwi. Kambare akaufumba mdomo, ndevu zikamtetemeka.

"Nimelala?" akauliza.

"Umelala, mjomba."

"Mbona sioni bwawa?"

"Leo umelala juu juu tu. Fumba." Bunju akamwimbia:

*Lala, bwana ndevu, lala,*
*tope lipo, mvua yaja,*
*lala, bwana ndevu, lala,*
*nyungunyungu wanashuka.*

Kisha akamwendea konokono. Siku hiyo hakuweza kumvunja. Alimkwaruza tu, krr, krr, akaambulia ute kidogo. Siku ya pili: tubwi, tubwi, tubwi. "Nimelala?" "Umelala, mjomba." Krr, krr, gamba likapasuka. Siku ya tatu: tubwi, tubwi, tubwi. "Nimelala?" "Umelala, mjomba." Kacha, kacha, kacha. Meno yakapungua, mdomo ukafunguka.

Siku ya nne konokono mmoja akabingirika mpaka kwenye ndevu za Kambare. Mdomo mpana ukaanza kufunguka wenyewe. Bunju akaogelea mbio hadi ubavuni mwake.

"Ukimla huyo, mjomba, utaanza tena siku ya kwanza," akasema. "Na jana ulishafika ukingoni, nilikuona."

"Uliniona?"

"Mvua ilikuwa inakulowesha mgongo."

Kambare akafumba mdomo. "Kweli," akasema kwa sauti ya mbali. "Nilihisi baridi mgongoni."

Siku ya sita Bunju alikuwa amenona. Lakini alipoimba, jicho lake la kushoto lilianza kweli kuona kitu: maji mapana yenye rangi ya chai, na mvua inayochora duara juu yake. Akaimba wimbo mara mbili, ya pili kwa ajili yake mwenyewe.

Siku ya saba Bi. Sihaba akamwita Mwalimu.

"Huyu mwenye ndevu hali, hata pumba ninayomtupia haigusi. Siku ya saba leo."

Mwalimu akainama. "Mtazame alivyojikunja. Tangi limeshamshinda huyu, dada, yeye ni wa matopeni. Na bunju naye hupenda kukaa peke yake. Nipe ndoo."

Ndoo ikaja. Bunju akaganda. Ndoo aliijua: ndiyo ya kubebea samaki wa kitoweo, na kutoka jikoni kulinukia vitunguu. Yeye alitaka konokono tu, mauti ya mjomba hakuyataka. Kambare akainuliwa juu, maji yakimchuruzika.

"Asante, Kitumbo," akasema, macho ameyafumba. "Nimefika?"

"Umefika, mjomba," Bunju akasema.

"Unampeleka wapi, Mwalimu?" Bi. Sihaba akauliza.

"Bwawani kwangu, nyuma ya majaruba ya mpunga. Tope linafika magotini, nyungunyungu wa kumwaga."

Mlango ukafungwa. Bunju akabaki na tangi zima. Konokono wakashuka, tubwi, tubwi, tubwi, wote wake. Akala mmoja, kacha. Kibomba kikaimba bwi, bwi, bwi. Akalielekeza jicho la kushoto juu, akangoja mtu amuulize linaota nini. Hapakuwa na mtu.

Ngano imekauka.

— Nasi tumelowa.

Funzo lake? Wengine husema, msiwe walafi, lakini mlafi ndiye aliyepata bwawa. Wengine husema, msiseme uongo, lakini mwongo ndiye aliyepata konokono. Mimi nasema: watoto, tafuneni chakula chenu vizuri, na mgeni akiwaimbia mlale, laleni.