Nambari za Mama Pacha

Waliosema usisafirie nyota ya mwenzio hawakumkataza mtu kuomba ushauri wala kumpenda ndugu yake. Walichokataza ni kufunga safari kwa sababu tu mwenzako alifunga yake akafika salama. Nyota iliyomfikisha yeye huenda haikujui wewe kabisa. Mkunga mmoja aliyajua haya kuliko wengi, na bado yalimkuta.

Alikuwa mama wa makamo, mwingi wa mzaha, na mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mji ule. Mwenye mimba ya kwanza akimjia analia kwamba jirani yake alijifungua kabla chai haijapoa, Mkunga humshika bega na kumwambia, "Mwanangu, kila tumbo na njia yake. Ya jirani mwachie jirani." Laiti dawa hiyo angeinywa na yeye!

Wakati huo alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuwa msimamizi wa wodi ya wazazi. Mwaka uliopita aliufeli kwa alama chache, na wakubwa wa hospitali wakamwekea nafasi. Safari hii asipofaulu, angeletwa mtu kutoka kwingine. Mtihani ulifanywa kwa intaneti, mtu akiwa nyumbani kwake, na muda ukiisha umeisha. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba intaneti ya nyumbani kwake ilijikokota kama kobe mwenye homa.

Alimpigia simu fundi wa kampuni ya intaneti.

"Ruta yako, kile kisanduku cha intaneti, iko wapi, mama?" fundi aliuliza.

"Nyuma ya friji. Taa zake zinaniudhi."

"Itoe huko kwanza, halafu uone. Ukitaka na DNS nyingine badala ya yetu, hakuna ubaya, ziko nyingi nzuri. Ila soma kwanza hiyo unayoichukua imetengenezwa kwa kazi gani."

Mkunga alikata simu akiguna. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, alijisemea. Huyu anatetea mwajiri wake.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe wawili watundu, alikuwa na maneno matamu zaidi. Kwake kila kitu kilifunguka kufumba na kufumbua.

"Dada, kompyuta haijui majina, inajua nambari," alimweleza. "Ukiandika jina la tovuti, lazima imuulize mtu: huyu anakaa wapi? Huyo anayeulizwa ndiye DNS. Kampuni imekupa wa kwake, mzee mvivu. Mimi wangu nilimfukuza zamani."

"Na huyo wako mpya ananifaa na mimi?"

"Kama ananifaa mimi, wewe una nini cha ajabu?"

Wakacheka. Mama Pacha aliivuta ruta kutoka nyuma ya friji ili asome maandishi ya mgongoni, akaiweka juu ya meza, akaingiza nambari zake. Jioni ile ile intaneti ilikimbia. Mkunga alimsifu mdogo wake hadi kwa wagonjwa.

Siku ya mtihani alifunga mlango, akaketi, akaanza. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maandishi, naye aliimaliza bila taabu. Sehemu ya pili ilikuwa na alama nyingi zaidi: kila swali lilimtaka afungue video ya mama anayejifungua, atazame, kisha aseme angefanya nini. Alibonyeza ya kwanza. Ukatokea ukurasa mweupe wenye maneno haya: "Maudhui haya yamezuiwa ili kuwalinda watoto."

Alibonyeza ya pili, ya tatu. Ni yale yale. Akampigia mdogo wake.

"Kuna kitu kinaniambia kinalinda watoto. Watoto gani?"

"Dada," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilichukua ile inayochuja. Ya nyumba zenye watoto. Wale wanangu walikuwa wanafungua mambo ya aibu. Miili mitupu yote inazuiwa."

"Yaani mimi, mkunga, nazuiwa nisimwone mtoto akizaliwa, ili watoto walindwe?"

Siku nyingine wangecheka hadi walie. "Usiguse kitu. Nakuja!" alisema Mama Pacha.

Alikuja mbio, mkono mmoja ukiwa bado na povu la sabuni. Akairudisha ruta kwenye DNS ya kampuni, na video zikafunguka. Mkunga alijibu kwa haraka, macho yakiruka kwenye saa, lakini muda haukumsubiri. Ukurasa ulijifunga wenyewe akiwa katikati ya sentensi, akijibu swali ambalo majibu yake aliyaishi kila siku.

Kisha Mama Pacha alifungua ukurasa mmoja, halafu mwingine.

"Mbona bado inakimbia?" alinong'ona. "Si nimemrudisha yule mzee mvivu?"

Wote wawili waliigeukia ruta. Ilikuwa pale pale juu ya meza, mbali na friji, taa zake zikimetameta.

Alama zilikuja pungufu, na msimamizi akaletwa kutoka hospitali nyingine. Mama Pacha alilia kuliko dada yake. "Nyamaza," Mkunga alimwambia, akimfuta machozi. "Nambari zako ni nzuri. Waachie pacha wako, zinawafaa. Kosa ni langu. Nilichukua linalokufaa wewe, sikuchunguza linalonifaa mimi." Uchungu ulimkaa kifuani, lakini hakumnunia mdogo wake.

Siku chache baadaye, akiwa kazini, aliletewa msichana mwenye mimba ya kwanza. "Mama," msichana alilia, "dada yangu alisema ni kazi rahisi. Alinipa na mpango wake wote niufuate."

Mkunga alifungua kinywa kusema maneno yake ya siku zote, akayaacha. Akavuta kiti, akaketi, akamshika mkono.

"Mwanangu, sikiliza mtu aliyelipa," alisema. "Usisafirie nyota ya mwenzio."