Farasi Mbele ya Mlango wa Mwanatumu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani kwa sababu sikuwepo, palikuwa na fundi wa vitanda aitwaye Mbwarali, naye alikuwa na farasi jike asiyejua kusimama. Aliyemuuzia alishampa jina: Subira. Kejeli iliyoje!

Katika mji huo bwana harusi alimwendea bibi harusi juu ya farasi. Akifika mlangoni hungoja, hatamu zimelala shingoni mwa mnyama, mikono yake kifuani, mpaka makungwi walio ndani wamalize nyimbo na kupewa kifungua mlango. Farasi hafungwi, kumfunga ni kuwaambia wenyeji kwamba kwao kuna wezi. Na farasi akiondoka, basi bwana amemkataa bibi. Ndiyo mila yao, msinitolee macho mimi.

Mara ya kwanza Mbwarali alipokwenda kumwoa Mwanatumu, Subira aliondoka ubeti wa pili haujaisha. Mara ya pili hata wa kwanza hakuungoja. Alimpeleka Mbwarali na joho lake mpaka sokoni, penye rundo la majani ya mihogo. Hapo alisimama vizuri sana!

Baba yake Mwanatumu akamwambia Mbwarali, "Mwanangu amekataliwa mara mbili. Ikiwa ya tatu, namwoza kwa mwingine."

Mbwarali alimpenda Mwanatumu miaka saba. Akataka kulia. "Ewe mnyama, nimekukosea nini?" Subira akamtafuna ncha ya kilemba. Basi Mbwarali akaapa mbele ya watu, "Farasi huyu ana mimba. Atakayemfanya asimame, nitampa mtoto atakayezaliwa!"

Akaja shangazi yake, Bi Mwanakhamisi. Siku arubaini alimweka Subira mahali pamoja, akaachia hatamu. Akisogea hatua, anamrudisha. Akisogea hatua, anamrudisha. Hana kiboko, hana matusi.

"Shangazi, mchape basi!"

"Nyamaza we! Ulipofundishwa kwenda chooni, nani alikuchapa?"

Siku ya arubaini Subira akasimama kama nguzo. Mbwarali akapanda, Subira akaondoka. Lahaula!

Akaja Msellem, mshona matandiko ya farasi. Huyu hakumtazama farasi, alimtazama Mbwarali. "Ndugu yangu, unambana kwa magoti. Unamwambia nenda, halafu unamlaumu." Akamkalisha juu ya pipa, yai chini ya kila goti, siku saba. Mayai thelathini yalivunjika, Mbwarali akilaani kuku na aliyewafuga.

Siku ya harusi ikafika. Ubeti wa kwanza, Subira katulia. Wa pili, katulia. Wa tatu, mguu wake wa mbele ukanyanyuka. Mbwarali hakuthubutu hata kupumua. Mwanatumu alikuwa akichungulia penye ufa. Alipouona mguu ule aliwasukuma makungwi, akafungua mlango mwenyewe, beti zimebaki, kifungua mlango hakijatolewa! Subira akautua mguu palepale.

Wakaoana. Mtoto wa Subira akazaliwa, mweusi, mzuri, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Bi Mwanakhamisi akasema, "Ni wangu. Mguu ule alifukuzia nzi tu. Kusimama nilimfundisha mimi, juani, mpaka miguu ikanivimba."

Msellem akasema, "Kwako alisimama mgongo mtupu, Bi mkubwa. Mlangoni alikuwa na mtu juu, na mtu huyo nimemfundisha mimi. Na mayai yalikuwa yangu."

Mwanatumu akasema, "Nzi? Alikuwa anaondoka! Nyinyi mlifundisha mkaenda zenu. Mimi hadi leo nikipita kisimani wanacheka: huyo, aliyemfungulia mume kabla hajaombwa. Nani kati yenu amebeba aibu kama hiyo?"

Wote watatu wakamgeukia Mbwarali. Jamani, mtu huyu hakupata hata mwezi wa kupumzika! Akimpa mkewe, mji utasema amejipa mwenyewe. Akimnyima, ni kumwambia usoni kwamba aibu ile aliibeba kwa ajili ya nzi.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, mimi nimeshachoka nao: nani alimstahili yule mtoto wa farasi?