Maandishi ya Ratili Kumi

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeo, palikuwa na Sultani aliyetajirika kwa karafuu, naye hakuamini kitu kisichopimwa kwa mizani. Akajenga chuo, akaamuru kwamba mwanafunzi hatavikwa joho mpaka alete maandishi yake mwenyewe yenye uzito wa ratili kumi. Ikawa kila mahafali mizani ya karafuu hutundikwa barazani, maandishi hupimwa, mtu huvikwa joho. Hausomwi hata ukurasa.

Chuoni palikuwa na msichana fukara, Mize binti Haji. Wenziwe walimwita punguani, kwani akiambiwa asubiri kidogo, huuliza kidogo kiasi gani. Karatasi zake zilikuwa zile za kufungia bizari, alizookota sokoni.

"Mwanangu," mwalimu wake akamwambia, "bila joho hutapewa kazi ya kufundisha, na hizi zako hazifiki hata nusu ratili."

"Zitafika, mwalimu."

Basi siku ikawadia. Mwana wa Waziri akatangulia na mzigo wake, mizani ikashuka, vigelegele vikapigwa. Ndipo akaja Mize anahema, amebeba jiwe la kusagia. Akaliweka, mizani ikashuka kwa kishindo.

"Ewe punguani," Waziri akafoka, "umekuja kusaga au kuhitimu?"

"Kuhitimu, bwana. Maandishi yangu yako juu ya jiwe, nimeyaandika kwa makaa."

Sultani akainuka, akainama juu ya jiwe. "Huu ni mstari mmoja tu! 'Amri imetaka uzito, na uzito ni huu.' Unanifanyia mzaha?"

"Hasha, Seyyid yangu. Ila nashukuru, kwani mimi ndiye wa kwanza kusomwa katika chuo hiki."

Sultani akaufungua mzigo wa mwana wa Waziri. Ukurasa wa juu uliandikwa "Sultani aishi", na wa pili vivyo hivyo, na chini yake yalikuwa makuti matupu.

Sultani akaona haya. Akamvika Mize joho, akampa kazi chuoni, kisha akaketi akaandika amri mpya kwa mkono wake: tangu leo maandishi yasomwe na mwalimu, yarudishwe na masahihisho, mwanafunzi ayaandike upya. Akampa Mize aitangaze.

Mize akaisoma kimya mpaka mwisho, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ni nzuri, Seyyid yangu," akasema. "Sasa iandike upya."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, akaomba wino.